Wakulima wa Pamba Mbele ya Baraza la Biashara la Mataifa



Taarifa ya mwaka hueleza hesabu za fedha, ada zilizolipwa na kazi zilizotendeka. Lakini chama hakiishi kwa hesabu peke yake. Yafaa pia kijue yaliyowapata wengine waliojaribu kazi kama yake. Kwa hiyo kurasa hizi zimewekewa historia, nayo yajibu swali linaloulizwa mara nyingi wakulima wakutanapo: je, mtu mwenye ekari chache na jembe lake aweza kusema neno likasikiwa mahali ambapo mataifa makubwa hupatana juu ya biashara ya dunia?

Wako wasemao kwamba haiwezekani, kwa kuwa mnyonge hana haki. Wako na wengine wadhanio kwamba yatosha kupaza sauti. Historia ya wakulima wa pamba wa Afrika Magharibi yaonyesha kuwa wote wamekosea. Neno la wakulima wale lilisikiwa. Lakini lilisikiwa kwa sababu lilikuwa limeandaliwa kijijini kwa muda wa miaka karibu thelathini. Na hata liliposikiwa, halikuwaletea yote waliyoyataka.

MIZANI YA KIJIJINI

Katika nchi za Mali, Burkina Faso, Benin na Chad, pamba hulimwa na jamaa wenye mashamba madogo, ambao hulima pia mtama, mawele na mahindi kwa chakula chao. Wengi hulima kwa plau na maksai, na pamba huchumwa kwa mikono. Wakati wa utawala wa Wafaransa, mwaka 1949, iliundwa kampuni ya Kifaransa iliyoitwa CFDT ili kusimamia zao hilo. Baada ya uhuru, kampuni za nchi zenyewe zilishika mahali pake: Mali ilianzisha CMDT mwaka 1974, na Burkina Faso, iliyoitwa Volta ya Juu siku hizo, ikawa na SOFITEX mwaka 1979.

Utaratibu wa kampuni hizo ulikuwa wa namna moja. Kampuni ilimkopesha mkulima mbegu, mbolea na dawa za wadudu. Wakati wa mavuno iliinunua pamba yake yote kwa bei iliyotangazwa, ikakata deni lake, ikaichambua pamba viwandani na kuuza nyuzi zake ng'ambo. Mkulima hakuwa na mnunuzi mwingine. Faida ya mpango huo ni kwamba alipata pembejeo bila fedha taslimu, na alijua kwamba pamba yake haitakosa mnunuzi. Hasara yake ni kwamba bei, uzito na daraja la pamba vyote vilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Ugomvi wa kwanza, basi, haukuwa juu ya bei ya dunia. Ulikuwa juu ya mizani. Katika miaka ya 1970 wakulima wa Mali ya kusini waliwashuku wapimaji kwamba wanawapunja uzito, wakadai wapime pamba yao wenyewe. Dai hilo lilikubaliwa, na ndipo vyama vya vijiji vilipoanza kuenea. Chama cha kijiji kilipima pamba, kikaandika uzito wa kila mtu, kikagawa mikopo na kukusanya madeni. Nacho kililipwa ujira kwa kazi hiyo. Kwa fedha hizo vijiji vingi vilijenga shule, maghala na visima.

Jambo jingine lilifuata, ambalo pengine lilikuwa kubwa kuliko fedha. Mizani yahitaji mtu ajuaye kusoma namba, na daftari lahitaji karani. Kwa hiyo madarasa ya watu wazima yalifunguliwa vijijini, watu wakajifunza kusoma na kuhesabu kwa lugha yao ya Kibambara. Mkulima aliyejifunza kusoma mizani hakukawia kuuliza jinsi bei inavyopangwa.

VYAMA VYA TAIFA

Mwezi wa Machi 1991 utawala wa Moussa Traoré ulipinduliwa nchini Mali. Wakulima wa pamba waliitumia nafasi hiyo kutoa malalamiko yao hadharani, na mwaka 1992 wakawa na chama chao cha kutetea haki, SYCOV. Nchini Burkina Faso vikundi vya vijiji viliungana katika wilaya, wilaya zikaungana katika mikoa, na mwaka 1998 ukazaliwa umoja wa taifa wa wakulima wa pamba, uitwao UNPCB, chini ya uongozi wa François Traoré, mkulima mwenyewe. Mwaka uliofuata umoja huo ulipata asilimia 30 ya hisa za SOFITEX. Hivyo wakulima walianza kukaa katika baraza la kampuni iliyokuwa ikiwanunulia pamba, wakaona kwa macho yao hesabu za mauzo ya nje.

Mwaka 2000 mambo mawili yalitokea. La kwanza, vyama vya wakulima vya nchi nyingi za Afrika Magharibi vilikutana Cotonou, Benin, vikaunda mtandao wao, ROPPA, ili wawe na msemaji mmoja. La pili, wakulima wengi wa Mali, wakiona bei imeshushwa huku kampuni imo katika hasara, walikataa kupanda pamba msimu ule. Mavuno ya nchi yalishuka karibu nusu. Serikali ikatambua kwamba zao lililoleta fedha nyingi za kigeni lilisimama juu ya hiari ya watu wa vijijini.

BEI ILIPOANGUKA

Katika msimu wa 1994/95 bei ya pamba katika soko la dunia ilipita senti 90 za Kimarekani kwa ratili moja. Mwezi wa Oktoba 2001 ilikuwa imeanguka chini ya senti 40. Lazima tuseme kweli, kwamba sababu zilikuwa zaidi ya moja. China ilikuwa imetoa akiba kubwa ya pamba kutoka maghala yake. Nguo za nyuzi za viwandani zilikuwa zikishindana na pamba. Na mavuno ya mwaka huo yalikuwa mengi. Lakini sababu moja ilitokana na uamuzi wa serikali za watu, nayo ni ruzuku.

Ruzuku ilifanya kazi hivi. Serikali ya Marekani iliweka bei ambayo mkulima wake hatapata chini yake. Soko lilipoanguka, hazina ya serikali ilimlipa mkulima tofauti iliyobaki. Kwa hiyo hakuwa na haja ya kupunguza shamba lake hata kama gharama zake zilizidi bei ya soko. Pamba iliendelea kulimwa kwa wingi, ziada ikapelekwa ng'ambo, na bei ikazidi kushuka. Wakulima wa pamba wa Marekani walikuwa wapatao 25,000 tu. Katika Afrika Magharibi na ya Kati watu zaidi ya milioni 10 waliitegemea pamba. Hesabu zilizotolewa baadaye na Brazili mbele ya waamuzi zilionyesha kwamba kati ya mwaka 1999 na 2003 wakulima wa Marekani walipewa dola bilioni 12.47 kwa pamba ambayo thamani yake yote ilikuwa dola bilioni 13.94. Umoja wa Ulaya nao uliwalipa wakulima wake wa pamba wa Ugiriki na Hispania.

Mkulima wa Koutiala au wa Bobo-Dioulasso alitoa pamba yake kwa gharama ndogo kuliko wale. Kama ushindani ungekuwa wa jasho kwa jasho, asingeogopa. Lakini hakuwa na hazina nyuma yake. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huyu alichuma juani na chakula chake kililiwa na mwingine.

SAFARI YA GENEVA

Mwezi wa Novemba 2001 wakulima wa pamba kutoka nchi kadhaa, zikiwemo Benin, Burkina Faso na Mali, walikutana Bobo-Dioulasso na kutoa mwito wa pamoja kupinga ruzuku za Marekani na Ulaya. Mwezi huo huo mawaziri wa biashara wa mataifa walikuwa Doha, nchini Qatar, wakianzisha majadiliano mapya ambayo waliahidi kwamba yatajali mahitaji ya nchi maskini.

Hapa yafaa kueleza jinsi baraza hilo lilivyo. Shirika la Biashara Duniani lilianza kazi tarehe 1 Januari 1995, na makao yake ni Geneva, nchini Uswisi. Wanaoketi humo ni serikali peke yake. Chama cha wakulima hakina kiti. Maamuzi hufikiwa kwa mapatano ya wote, si kwa kuhesabu kura. Kwa desturi hiyo nchi ndogo yaweza kuzuia jambo, lakini nchi ambayo haina watu wa kutosha wa kusoma hati na kuhudhuria vikao huachwa nyuma hata kabla ya kuzuia lolote. Nchi za pamba zilikuwa na wajumbe wachache sana huko.

Kwa hiyo wakulima walikuwa na kazi mbili: kuzisukuma serikali zao zichukue neno lao, na kulitia neno hilo katika lugha ya baraza. Kazi ya kwanza iliwezekana kwa sababu serikali zenyewe ziliumia bei ilipoanguka, na kwa sababu vyama havikuwa tena vikundi vya kupuuzwa. Katika kazi ya pili walipata marafiki: ENDA ya Dakar, Oxfam ya Uingereza, na shirika dogo la Geneva liitwalo IDEAS, lililojua taratibu za baraza. Marafiki walisaidia kuandika na kutangaza; lakini wenye jambo walikuwa watu wa Bobo-Dioulasso na Koutiala, nao walikuwa na hesabu zao wenyewe za uzito, gharama na bei.

Mwezi wa Mei 2003 Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zilitoa hati yao ya pamoja. Waliomba mambo mawili: ruzuku za pamba ziondolewe kabisa kwa hatua, na katika muda wa kungoja, wakulima wa nchi maskini walipwe fidia ya hasara yao. Tarehe 10 Juni 2003 Rais Blaise Compaoré wa Burkina Faso alikwenda mwenyewe mbele ya kamati ya majadiliano huko Geneva. Alieleza kwamba nchi hizo haziombi sadaka. Zataka tu sheria za biashara huru zifuatwe na wale wanaozihubiri. Mwezi uliofuata yeye na Rais Amadou Toumani Touré wa Mali waliandika makala katika gazeti la New York Times, ili raia wa Marekani nao wasikie.

MKUTANO WA CANCÚN

Mawaziri wa mataifa walikutana Cancún, nchini Meksiko, tarehe 10 hadi 14 Septemba 2003. Kwa mara ya kwanza pamba ya Afrika ilikuwa na nafasi yake katika orodha ya mambo ya kujadiliwa. François Traoré alikuwapo, naye alizungumza na wajumbe na waandishi wa habari. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika, Supachai Panitchpakdi wa Thailand, aliwahimiza mawaziri walishughulikie jambo hilo kwa uzito.

Lakini rasimu ya mapatano ilipotolewa, haikuweka tarehe ya kuondoa ruzuku wala fidia. Badala yake ilizungumzia kuzisaidia nchi za pamba zigeukie mazao na shughuli nyingine. Wakulima na wajumbe wao walichukizwa sana. Walikuwa wamekuja na dai la haki. Wakashauriwa waondoke shambani ili anayelipwa ruzuku abaki. Mkutano ule ulivunjika tarehe 14 Septemba kwa ugomvi juu ya mambo mengine, hasa masharti mapya ya uwekezaji na ushindani, ambayo nchi nyingi za Afrika hazikuyataka.

Hawakurudi na kitu mkononi, ila hawakurudi kama walivyokwenda. Tangu siku hiyo pamba iliendelea kutajwa katika majadiliano ya biashara ya kilimo. Tarehe 1 Agosti 2004 mataifa yalikubaliana kwamba pamba ishughulikiwe kwa nia kubwa, kwa haraka na kwa namna yake maalumu, lakini ndani ya majadiliano ya kilimo kwa jumla. Na mwezi wa Novemba kamati ndogo ya pamba iliundwa. Kwa kukubali hivyo, zile nchi nne ziliacha dai la kwamba pamba iamuliwe peke yake. Hatari ya jambo hilo ilionekana baadaye: mzigo mdogo ukifungwa pamoja na mzigo mkubwa, mkubwa ukikwama mdogo nao hukwama. Mwezi wa Desemba 2004 wakulima wenyewe waliunda, huko Cotonou, umoja wa wakulima wa pamba wa Afrika, AProCA, na François Traoré akawa rais wake wa kwanza.

NJIA YA SHERIA

Wakati huo huo Brazili, ambayo wakulima wake wa pamba wana mashamba makubwa na mali nyingi, ilifuata njia nyingine. Mwezi wa Septemba 2002 iliishtaki Marekani kwa taratibu za hukumu za Shirika. Benin na Chad ziliingia katika kesi kama watu wa tatu, zikaeleza hasara za wakulima wao. Waamuzi waliipa Brazili haki mwaka 2004, na baraza la rufani likathibitisha hukumu tarehe 3 Machi 2005. Mwaka 2006 Marekani iliondoa aina moja ya malipo, lakini nyingine zilibaki. Mwaka 2009 Brazili ilipewa ruhusa ya kulipiza kwa kuzitoza bidhaa za Marekani ushuru. Kwa kuogopa hayo, Marekani ilikubali mwaka 2010 kulipa dola milioni 147.3 kila mwaka katika mfuko wa pamba wa Brazili, na mwaka 2014 shauri likamalizwa kwa dola milioni 300.

Benin na Chad, ambazo hazikuwa washtaki, hazikuwa na haki ya fidia. Mtu ataweza kuuliza, mbona nazo hazikushtaki? Kesi kama hiyo yahitaji mawakili na wataalamu wa gharama kubwa. Tena adhabu yenyewe ni ushuru ambao mshindi huweka katika soko lake. Nchi yenye soko dogo hata ikishinda haina fimbo ya kumtisha mwenye nguvu. Hukumu ilikuwa ya haki, lakini chombo cha kuitimiza kilikuwa cha wenye uwezo.

KUTOKA HONG KONG HADI NAIROBI

Mwezi wa Desemba 2005 mawaziri walikutana Hong Kong. Walikubaliana kwamba nchi tajiri ziondoe ruzuku za kusafirisha pamba nje mnamo mwaka 2006, na kwamba malipo ya ndani kwa wakulima wa pamba yapunguzwe zaidi na mapema kuliko ya mazao mengine. Neno hilo la pili ndilo lililokuwa na uzito, lakini lilitegemea kumalizika kwa majadiliano yote yaliyoanzishwa Doha, nayo yalikwama mwaka 2008.

Miaka kumi baada ya Hong Kong, tarehe 15 hadi 19 Desemba 2015, mkutano wa mawaziri ulifanyika Nairobi, ukiwa wa kwanza wa aina hiyo katika bara la Afrika, chini ya uenyekiti wa Bi Amina Mohamed wa Kenya. Hapo iliamuliwa kwamba nchi tajiri zikomeshe mara moja ruzuku za kusafirisha pamba, na kwamba pamba ya nchi maskini kabisa iingie katika masoko yao bila ushuru tangu tarehe 1 Januari 2016, kwa kadiri ya mipango yao ya upendeleo. Wengi walifurahi. Lakini msomaji aangalie kilichoachwa. Marekani hununua pamba ghafi kidogo sana kutoka nje, kwa hiyo mlango usio na ushuru haukuwa na wapitao wengi. Na juu ya malipo ya ndani, yaliyokuwa kiini cha mwito wa Bobo-Dioulasso, hakuna upunguzaji mpya uliokubaliwa.

MAFUNZO KWETU

Wazee wa Nyanza na wa Pwani waliolima pamba, na wale wa milimani wanaolima kahawa, hawahitaji kuelezwa maana ya bei iliyopangwa mbali. Wala Kenya haikukosa wakulima waliothubutu. Mwaka 2007 chama cha wakulima wadogo kiliwasilisha shauri katika Mahakama Kuu juu ya mapatano ya biashara yaliyokuwa yakijadiliwa na Umoja wa Ulaya, kikisema kwamba yalifanyika bila wananchi kushirikishwa. Mwaka 2013 Mahakama iliiagiza serikali iweke njia ya kuwashirikisha wanaohusika na kuwapasha habari. Hilo ni jambo la kushukuru, ila agizo la mahakama halimleti mkulima mkutanoni ikiwa chama chake hakina la kusema.

Kwa hiyo tuyashike mafunzo machache. La kwanza, chama huanza kwenye mizani. Wakulima wasioaminiana katika uzito na hesabu za kijiji hawawezi kusimama pamoja mbele ya mataifa. La pili, daftari ni silaha. Dai la haki bila tarakimu huonewa huruma tu. Dai lenye tarakimu hujibiwa. La tatu, serikali haikwepeki, kwa maana ndiyo yenye kiti. Ni lazima isukumwe, na ni lazima isaidiwe. La nne, rafiki wa mbali akaribishwe kama msaidizi, asipewe usukani. La tano, mapatano yaliyotiwa sahihi yasomwe neno kwa neno, ili ijulikane kilichopatikana na kilichoachwa, na ni nani atakayefuatilia.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini hata vidole vitano havitendi kitu vikikutana siku ya vita tu. Wakulima wa Mali na Burkina Faso walikuwa wamezoea kufanya kazi pamoja muda mrefu kabla ya siku ya Geneva. Hawakuiangusha ruzuku, waliwafanya wenye nguvu walazimike kujieleza mbele ya dunia, na waliweka jambo lao mahali ambapo haliwezi kufutwa kimyakimya. Kazi iliyobaki ni ya wale watakaokuja baada yao, nayo itawadai waweke madaftari yao sawa kila msimu, walipe ada zao kwa wakati, na wawapeleke shule watoto watakaosoma hati hizo.